Maskani ya Wageni Waliojitolea Kampemba na Nchi ya Katanga

Atakaye kuandika tarikh ya watu waliokuja Katanga kutumika pasi na kutafuta faida, wakakaa humo miezi au miaka kisha wakarejea makwao, hana budi kuanza na swali ambalo vitabu vya kazi zao aghalabu havilijibu: watu hao walilala wapi? Habari za shule walizofungua, wagonjwa waliowatibu na mabwawa ya samaki waliyoyachimbisha zimeandikwa kwa wingi, kwa kuwa wafadhili wao walizitaka. Lakini habari za kitanda, jiko, kisima na lango, ambazo ndizo zilizokuwa maisha yao hasa, zimetawanyika katika barua walizowapelekea mama zao na katika vinywa vya wale waliowafulia nguo. Nami naona kwamba mgeni wa namna hii hujulikana zaidi kwa umbali uliopo baina ya mlango wake na mlango wa jirani kuliko kwa jina la shirika lililomleta, na kwamba katika nchi hii umbali huo umekuwa ukipungua na kuongezeka, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ambazo zaweza kutajwa.

Kampemba, moja ya komini saba za mji wa Lubumbashi, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo, maana ndani ya mipaka yake mtu huweza kuona kwa miguu yake namna zote za maskani ambazo mji huu umezijua. Bel-Air, mtaa uliopimwa zama za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, una viwanja vipana, miembe mikuukuu na kuta ndefu; Bongonga nyumba zimesongamana, lupango mmoja, yaani kiwanja kimoja, ukibeba kaya mbili au tatu zinazogawana choo na kisima, na matofali ya kuta zake mengi ni ya udongo wa vichuguu, vile vichuguu virefu kuliko mtu ambavyo mgeni hudhani ni vilima mpaka aone watu wakivichimba; na baina ya hiyo na ile kuna mtaa wa viwanda, wenye maghala na karakana zilizojipanga kuifuata reli. Mtu atokaye lango la Bel-Air asubuhi akiwa na nia ya kwenda kuwasaidia watu wa Bongonga hana safari ndefu. Hata hivyo wako waliokaa mwaka mzima wakiifanya kila siku, wasilale upande wa pili hata usiku mmoja.

Msomaji wa pwani, akisikia nchi ya tropiki, asidhani kwamba taabu ya kwanza ya mgeni hapa ilikuwa joto. Lubumbashi iko juu ya uwanda wa mita kama 1,200 juu ya bahari, mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, na baada yake hufuata kiangazi kirefu chenye vumbi jekundu liingialo katika vitabu, mashuka na unga; nayo miezi ya Juni na Julai usiku huwa na baridi ambayo humfanya mtu aliyekuja na nguo za kitani peke yake aikumbatie mbabula, yaani jiko la makaa, ya jirani, akijifunza mapema, na bila ya mwalimu, thamani ya makaa.

Tena asidhani kwamba mgeni aliyejitolea alikuja katika mji wa wenyeji, yeye peke yake akiwa ajinabi. Reli itokayo kusini ilifika Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zama hizo, mwezi Septemba 1910, mji ukapimwa mwaka huohuo, shaba ya kwanza ikamiminwa 1911. Na katika mwaka huo wa 1910 kilikwisha kuundwa chombo kilichoitwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kukusanya vibarua kutoka mbali. Wakaja watu wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Nyasaland, wakaja wa Kasai na wa Lomami, na baadaye wa Ruanda-Urundi. Wakaja Wagiriki na Waitaliano na Wareno, na Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliofungua maduka. Kila mmoja alikuwa na mkataba wake au deni lake, na wote hawakuwa na lugha ya pamoja ila hii iliyopanda kutoka mashariki pamoja na misafara, ikakaa. Mikataba ya vibarua mwanzoni ilikuwa ya miezi michache tu. Lakini katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière, ilipoona hasara ya kumfundisha mtu leo na kumpoteza kesho, iliigeuza kanuni yake, ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu wake na watoto, ikajenga kambi za kudumu. Kampuni ile, ambayo haikupata kujisingizia huruma, iliitambua mapema hesabu ambayo mashirika mengi ya hisani hayajaitambua hata leo, ya kwamba mtu wa muda mfupi hula zaidi ya anachozalisha.

Mgeni wa kwanza wa namna tunayoizungumzia alifika kabla ya reli na kabla ya mji. Frederick Stanley Arnot, Mskoti aliyezaliwa Glasgow mwaka 1858, aliingia Bunkeya, makao makuu ya Msiri, mwezi Februari 1886, akitokea upande wa bahari ya magharibi kwa njia ya misafara ya Benguela. Alikuwa wa jamaa ya Plymouth Brethren, watu ambao hawakumpa mjumbe wao mshahara wala ahadi ya mshahara, bali alikwenda akitegemea hidaya zitakazotumwa na waumini wenziwe kadiri zitakavyofika. Na kutoka Benguela hata Bunkeya barua na kitambaa vilisafiri vichwani mwa wapagazi kwa miezi. Msiri mwenyewe hakuwa mwenyeji wa asili. Alitoka kwa Wasumbwa wa Unyamwezi, akaja na biashara ya shaba na pembe, akajifanyia dola ya Bayeke juu ya watu wa nchi, na Bunkeya yake ilijaa Waarabu, Waswahili na Wambari, wafanyabiashara wa pwani zote mbili. Mfalme huyo, ambaye naye alikuja mgeni akaishia kuwa mwenye nyumba, hakumpokea Mskoti mara moja, bali alimweka kwanza kando ya mji mpaka waganga wake watazame kama nia yake ni safi. Ndipo alipompa ruhusa ya kuingia na mahali pa kujenga.

Hapa pana jambo la kutua na kulitazama. Arnot alikula chakula cha nchi kwa kuwa hakikuwapo kingine. Aliugua homa akauguzwa na waliokuwapo. Aliletewa watoto walioponyoka katika biashara ya watumwa, akawalea chini ya paa lake. Kila alichokuwa nacho, tangu kuni hata usalama wa roho yake, kilikuwa mkononi mwa mwenyeji aliyeweza kumfukuza siku yoyote atakayochukizwa. Vitabu vya misheni humsifu kwa ushujaa, na alikuwa nao. Ila mimi naona kilichomfunza adabu ya nchi hakikuwa ushujaa bali uhitaji. Aliondoka 1888. Dan Crawford, Mskoti mwenziwe aliyefika mwaka 1890, alikuwako nchini Desemba 1891 Msiri alipouawa na msafara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na dola yake ikavunjika. Kisha akajenga Luanza kando ya ziwa Mweru, watu wakimwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu, akakaa huko hata alipokufa mwaka 1926. Baina ya kuingia kwa mmoja na kufa kwa mwingine nchi ilibadili mikono. Arnot aliomba ruhusa ya kukaa; waliokuja baada ya 1891 waliikuta ruhusa imekwisha kutolewa na serikali, na mwenyeji hakuulizwa.

Wasalesiani wa Don Bosco, sita kwa hesabu, wakiongozwa na padri Joseph Sak, waliingia Elisabethville mwezi Novemba 1911, wakiitwa na serikali ya koloni ili wafungue shule: moja ya watoto wa Kizungu, na nyingine ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika useremala, ushonaji na kazi nyingine za mikono. Nao walikuwa na nadhiri ya ufukara, na hapana shaka waliitimiza. Lakini fukara mwenye ukuta si fukara wa kando ya njia. Mji ule ulikatwa vipande viwili, wa Wazungu upande mmoja na wa Waafrika upande mwingine, katikati pameachwa ardhi tupu kwa hoja ya afya. Mji wa Waafrika ambao leo tunauita Kamalondo ulipangwa mwaka 1921, na usiku Mwafrika hakuwa na haki ya kuonekana mji wa Kizungu pasi na cheti cha bwana wake. Padri akiwa na moyo mpana namna gani, kitanda chake kilikuwa upande mmoja, na waumini wake wengi walikuwa upande wa pili. Misheni ikawa na bustani yake, tanuri lake la mkate, karakana yake, mifugo yake huko Kafubu. Na kadiri ilivyojitosheleza kwa chakula ndivyo ilivyopungukiwa na sababu za kubisha mlango wa mtu.

Aliyeuvuka mpaka ule kila siku, kwenda na kurudi, alikuwa mtumishi wa nyumbani, ambaye zama zile aliitwa boyi hata akiwa na mvi. Na katika hili Lubumbashi imepewa tunu ambayo miji mingi ya koloni haikuipata. Mwaka 1965 kilitoka mjini kijitabu kilichopigwa taipu, kwa Kiswahili cha Katanga, kikiwa na jina la Kifaransa lisemalo kuwa ni msamiati wa mji wa Elisabethville, ilhali kwa hakika ni tarikh. Mtungaji wake ni André Yav, na alikiandika kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Mtaalamu Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuja Katanga katika miaka ya 1960 kuchunguza harakati ya Jamaa iliyoanzishwa na padri Placide Tempels, alikichapisha upya mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na tafsiri na sherehe, chini ya jina la Kiingereza lenye maana ya historia itokayo chini. Humo mji unasimuliwa tangu Msiri na Mfalme Leopold hata uhuru, na anayesimulia si gavana wala askofu, bali ni wale waliopika, waliopiga pasi, waliolea watoto wa watu na kungoja mezani wakisikiliza.

Maandishi ya wageni juu ya maisha yao huwa na pengo mahali palepale daima: unga umekuwa mkate, maji yamekuwa moto ya kuogea, shati limekuwa safi, na kitenzi hakina mtenda. Pengo hilo ndilo alilokaa ndani yake mtu kama André Yav. Yeye alijua yupi kati ya mabwana hulipa mwisho wa mwezi na yupi hulipa akikumbuka. Alijua yupi husali na yupi hunywa, na yupi hufanya yote mawili. Alijua kila jina ambalo mji umempa mgeni na ambalo mgeni mwenyewe hakulisikia mpaka siku ya kuondoka. Na mtu asiseme kwamba haya yalikuwa ya wafanyabiashara na watu wa kampuni peke yao. Nyumba ya mhubiri ilikuwa na mpishi, na nyumba ya mwalimu aliyejitolea, miaka hamsini baadaye, ilikuwa na mpishi vilevile, na huyo mpishi ndiye aliyekuwa mwalimu wa mwalimu. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha wageni wengi wa Katanga kilikuwa na sura moja: vitabu vidogo vya msamiati vilivyouzwa kwa ajili yao vilijaa vitenzi vya kuamuru, leta, funga, osha, ngoja, mtu akaweza kukaa miaka kumi akiwa stadi wa kuagiza, asiweze kumpa pole mfiwa.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo nzima haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja mwenye shahada kamili, kwani Ubelgiji iliwafundisha Waafrika kuwa wasaidizi wa madaktari, ikaishia hapo. Wauguzi na waganga wa vyama vya Msalaba Mwekundu wa nchi nyingi wakaletwa kwa ndege katika majira yaleyale kushika hospitali zilizobaki tupu. Katanga, iliyojitangazia kujitenga tarehe 11 Julai chini ya Moïse Tshombe, Wabelgiji wake wengi hawakuondoka, basi taabu yake ilikuja kwa namna nyingine. Mwaka 1961 Waluba wa Kasai na wa kaskazini, wakihofia maisha yao, walikimbilia kando ya majeshi ya Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville, wakajenga kambi ya magunia, mabati na majani iliyofikia makumi ya maelfu ya watu, mpaka walipohamishwa mwaka 1962. Waliofanya kazi ya kugawa maziwa, maji na dawa katika kambi ile walikutana na hali ambayo hakuna mafunzo yaliyowaandaa nayo, maana walikuwa wageni wakiwahudumia watu waliofanywa wageni katika mji walioujenga wenyewe.

Mapigano ya Desemba 1961, kambi ile ikiwa bado ipo, yaliweka katika tarikh hii majina ambayo ni haki yatajwe. Tarehe 13 Desemba 1961, Georges Olivet, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliuawa ndani ya gari la wagonjwa mjini Elisabethville pamoja na watu wawili wakazi wa mji waliojitolea kumsaidia, Nicole Vroonen na Styts Smeding. Olivet alitumwa. Wale wawili hawakutumwa na mtu. Walikuwa watu wa mji, na kama wangekaa nyumbani siku ile hakuna ambaye angewauliza.

Baada ya hapo umekuja wakati ambao wazee wa Lubumbashi huukumbuka kwa neno moja lililotoka katika Kifaransa, kopera, yaani wale wageni wa ushirikiano wa kiufundi. Mji ukapata jina lake la sasa mwaka 1966, Union Minière ikataifishwa siku ya kwanza ya mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines, chuo kikuu kikapanuka. Na Ubelgiji ikaleta walimu kwa mamia, baadhi yao vijana ambao sheria ya kwao iliwaruhusu kutumikia nchi zinazoendelea badala ya jeshi. Kijana wa namna hiyo alifikia nyumba yenye samani, katika mitaa ya kale ya Wazungu iliyo kama Bel-Air, akarithi pamoja na funguo bustani, mpishi na zamu, yaani mlinzi, wa usiku wa yule aliyemtangulia. Ujira wake ulihesabiwa kwa fedha ya kwao. Wengi walikuwa walimu hodari, na wapo wanafunzi wao, leo watu wazima wenye vyeo, wanaowataja kwa heshima. Lakini kila mmoja aliishi katika nyumba ambayo kuta zake zilijengwa kumtenga yeye na watu aliokuja kuwafundisha, na ukuta hauulizi nia ya anayelala ndani yake.

Mwaka 1970 wakaingia Wamarekani wa Peace Corps, shirika lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na kanuni yao ilikuwa kinyume. Kijana alifunzwa kwanza miezi michache nchini humohumo, Bukavu ikiwa mojawapo ya vituo vya mafunzo, akijifunza Kifaransa pamoja na lugha ya mahali atakapokwenda. Kisha akapewa masurufu ya kiasi, mkataba wa miaka miwili, na nyumba isiyotofautiana sana na ya mwalimu mwenziwe. Wengine walifundisha Kiingereza, hesabu na sayansi katika shule za sekondari. Wengine walipelekwa vijijini, Shaba (jina la Katanga zama hizo), Kasai na Bandundu, kuwaonyesha wakulima namna ya kufuga samaki aina ya tilapia katika mabwawa yaliyochimbwa kwa jembe. Kwao bukari, yaani ugali, haikuwa jambo la kuonja siku ya sherehe bali chakula cha jioni, pamoja na sombe au lengalenga na kapenta wakavu; na msimu wa mvua ukianza, uyoga wa porini, na vikubala, yaani viwavi, kwa mwenye ujasiri. Walijifunza kwamba maji huwekwa akiba yanapotoka, hata yakitoka saa nane za usiku. Kwamba mgeni akifika wakati wa kula hapitishwi na njaa, na kwa hiyo nawe usile umefunga mlango. Kwamba kusalimu haraka na kupita ni matusi. Kwamba barua huchukua wiki sita, na kipigo cha homa ya malaria siku tatu.

Wala wasisifiwe kupita kiasi. Wakati wao uliangukia uchumi unaoporomoka: mwaka 1973 Rais Mobutu alitwaa maduka na mashamba ya wageni akawapa watu wake, mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kushuka, mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, na mshahara wa mwalimu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ukawa mwepesi mwaka hadi mwaka mpaka haukutosha gunia la unga. Basi ikatokea ajabu ya kwamba yule aliyejitolea, aliyejihesabu maskini kwa kipimo cha kwao, alikuwa na masurufu yaliyoupita mshahara wa mkuu wa shule aliyemwajiri. Naye mkuu wa shule alikuja jioni, kwa staha kubwa na mazungumzo marefu ya mambo mengine, kukopa. Ukaribu wa mlango ulileta aibu ambayo ukuta wa Bel-Air uliificha. Sisemi kwamba aibu hiyo ilikuwa mbaya. Kwa wengi ndiyo iliyowafundisha hesabu halisi ya nchi kuliko ripoti yoyote, na waliokwenda kwao wakaandika, kama Mike Tidwell aliyefuga samaki na watu wa Kalambayi huko Kasai katika miaka ya 1980, waliandika juu ya kugawana na kukopeshana kurasa nyingi kama walivyoandika juu ya mabwawa.

Mwisho wa zama zile ulikuja upesi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa katika mabweni yao. Ubelgiji ikasimamisha misaada ikidai uchunguzi, na Mobutu akajibu kwa kuwafukuza makopera kwa mamia. Septemba 1991 askari wasiolipwa walianza uporaji Kinshasa, mwezi uliofuata uporaji ukaifikia Lubumbashi, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaja kuchukua wageni, na Peace Corps ikafunga kazi yake Zaire baada ya miaka ishirini na mmoja. Mtu aliyeishi miezi mingi akiambiwa kwamba yeye sasa ni mwana wa nyumba alipewa saa chache za kufunga mizigo, akaondoka kwa ndege. Na wenye nyumba wakabaki na mwaka 1992 na 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi na kulala wiki hata miezi kwenye vituo vya reli wakingoja mabehewa. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti baina ya mgeni huyu na wageni wengine wote walioujenga mji. Mnyasa, Mkasai, Mgiriki, kila mmoja alikuja na mkataba au deni. Huyu peke yake alikuja na tikiti ya kurudi, na kuna serikali iliyodhamini kwamba tikiti hiyo itatumika.

Tangu vita vilivyofuata miaka hiyo vilipotulia wamekuja wengine. Uchaguzi wa mwaka 2006 ulileta watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, wengi wao Waafrika wa nchi nyingine, waliokaa Lubumbashi na miji mingine kuangalia masanduku na orodha za wapiga kura. Na watawa wanaolea watoto wa mitaani, Wasalesiani wakiwemo, hupokea vijana wa Ulaya wanaokuja kwa miezi au kwa mwaka mmoja baada ya shule, wakilala katika nyumba ya jumuiya, wakila meza moja na mapadri, wakifundisha mpira, hesabu na gitaa. Mashirika makubwa nayo yamerudi kwenye kuta: nyumba ina jenereta kwa ajili ya usiku ambao SNEL imekata umeme, ina kisima kirefu kwa ajili ya siku ambazo maji ya Regideso hayatoki, ina zamu wawili, na kanuni ya usalama inayomkataza mkazi wake kutembea kwa miguu baada ya jua kuchwa. Kanuni ile ya zamani ya cheti cha usiku imepinduliwa, na safari hii aliyefungiwa ni mgeni mwenyewe. Sidhani kwamba wenye kuandika kanuni hizo wana nia mbaya, maana wizi upo. Ila mtu ambaye hakukosa maji hata siku moja ataandika ripoti gani juu ya maji ya Bongonga?

Ripoti hiyo, ikiandikwa kwa usahihi, huwa imeandikwa na mwingine. Katika kila mtaa wa Kampemba, kama katika maeneo yote ya afya ya nchi, wapo watu waitwao relais communautaires, wanaume kwa wanawake waliochaguliwa miongoni mwa majirani, wasio na mshahara, wanaopewa posho ndogo siku za kampeni na siku nyingine hawapewi kitu. Ndio wanaopita mlango kwa mlango wakati wa chanjo ya polio, wakiandika kwa chaki ukutani hesabu ya watoto waliochanjwa. Ndio wanaomjua mama aliyehamia juzi kutoka kijijini na hajaandikisha mtoto. Ndio walioitwa kwanza miaka ya kipindupindu, wakieleza habari za maji na chokaa kwa watu ambao wamezika. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa na Bourse du Travail, na wengine ni wake wa wastaafu wa Gécamines ambao malipo yao yalikawia miaka. Kijana wa Ulaya akifika Kampemba na orodha yake ya kaya, hukabidhiwa mmoja wa watu hawa asubuhi ya kwanza, na tangu hapo hatoki bila yeye. Huyo ndiye anayembishia hodi, anayemwambia akae kiti kipi na asikatae maji, na anayemsahihisha njiani, kwa sauti ya chini, majina ya watu aliyoyakosea.